Siku Injini Itakapotulia

Jumatano, 1 Machi 1995. Kisongo

Jana nilirudi kutoka Dar na plagi nane mpya, nimezibeba ndani ya soksi kama mtu anayesafiri na mayai. Leo asubuhi nimezifunga, nikarudisha chujio la hewa nililokuwa nimelivua kulisafisha kabla ya safari, kisha nikamwambia mwenzangu Lesikar awashe injini. Ikaitika mara moja. Tukacheka, tukapeana mikono. Nikamwonyesha kwa kidole aongeze mafuta, na ilipofika nusu ya nguvu zake ikaanza kukohoa, ikatetemeka hadi mabati ya banda yakalia. Tukazima. Lesikar akasema labda plagi bado ngeni. Nikamwambia plagi si ng'ombe aliyehamishwa zizi.

Alhamisi, 2 Machi

Ileile. Inakohoa.

Ijumaa, 3 Machi

Wapita njia wakisikia mngurumo huu wanacheka, na sasa wamepata sababu mpya. Afadhali niyaweke mambo yangu kwenye karatasi nisije nikamtukana mtu.

Nilikuwa fundi wa ndege katika shirika la umma. Serikali ilipoamua mashirika yake yajitegemee au yafe, wengi wetu tulipunguzwa. Wenzangu walinunua Hiace, wengine wakafungua maduka ya vipuri. Mimi niliagiza michoro ya Kimarekani ya ndege ndogo ya watu wawili, nikakodi banda hili karibu na uwanja wa ndege, nikaanza kukata mbao na bati. Injini nimeitoa kwenye ndege ya watalii iliyovunjika mabawa ikitua porini. Haina kabureta. Petroli inasukumwa na pampu na kupulizwa ndani ya kila silinda kwa nozeli yake. Ikiwa nzima ni tamu sana, ila ikiugua ina pembe nyingi za kuficha ugonjwa. Mwenzangu ni Lesikar, Mwarusha wa hapahapa, mchomeleaji wa mageti, ambaye aliingia siku moja kuuliza kama nina akili timamu akabaki kunisaidia. Mkaguzi wa usafiri wa anga ameahidi kuja masika yakiisha.

Lakini si mkaguzi anayeninyima usingizi. Ni baba yangu, Mzee Elieza, aliyeko Usa River. Mwaka juzi tulipomzika mke wangu Elinaike, baba alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mwanamke amekata roho peke yake ndani, mume yuko bandani anagongea bati misumari." Sijui mtu mzima anawezaje kusema hivyo mbele ya kaburi lililo wazi. Nami nikamjibu mbele ya kaburi hilohilo kwamba asinihesabu tena mtoto, na siku yake ikifika asitegemee udongo wa mkono wangu. Kwetu Machame hakuna neno zito kuliko hilo. Hatujaongea tena.

Nimeapa nitamwendea, lakini kwa ndege. Jirani na kwake kuna shamba la maua lenye uwanja wa nyasi, unaonekana kutoka barazani kwake. Nitatua pale, aione kwanza, ndipo tuongee. Siendi kwa baba na mikono mitupu ili aniambie alisema kweli.

Jumatano, 8 Machi

Nimefungua plagi. Nyeusi tii, zote nane. Masizi ya namna hiyo maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Kwa hiyo nimeanza kuisaka petroli.

Mchana alikuja mdogo wangu Anande, anayemuuguza baba. Amekonda. Alisimama mlangoni, hakutaka chai.

"Kaka, baba miguu imevimba. Daktari anasema ni moyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwishoni mwa Februari. Aliniaga anakwenda mjini, akarudi jioni amechoka sana, hakuinuka tena vizuri. Anakungoja, Kaka."

Nikamwambia injini ikitulia tu, siku hiyohiyo nitakuja.

"Hiace zinapita kila dakika," alisema.

Nikajifanya natafuta spana.

Jumamosi, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Mlima Meru hauonekani kabisa.

Jumatano, 15 Machi

Nimepata mchawi, au nadhani nimempata. Siku hizi kila mwenye tangi anauza petroli, na nusu yao wanaichanganya na mafuta ya taa. Pipa letu alilileta Lesikar wakati nahangaikia plagi. Nimechovya karatasi, nikaiacha ikauke, ikabaki na doa la mafuta. Nikamuuliza amelinunua wapi.

"Palepale unaponituma siku zote," alisema.

"Mbona linanuka taa?"

"Fundi, wewe ndiye unanuka taa. Umelala na chemli."

Sikucheka. Nilimwambia mambo ambayo hayakustahili kusemwa, kwamba ameokota pipa la bei rahisi na chenji kaila. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 16 Machi

Nimemwaga pipa lote, nimeweka petroli safi ya ndege kutoka uwanjani. Inakohoa vilevile.

Jumapili, 19 Machi

Sikwenda kanisani. Mvua tangu alfajiri. Banda bila Lesikar ni kubwa mno. Ukiita spana ya kumi na tatu hakuna anayekupa ya kumi na nne.

Jumatano, 22 Machi

Nozeli zote nne nimezitoa, nimezilaza kwenye petroli, nimezipuliza kwa mdomo hadi mashavu yanauma. Nimezipima kwenye vikopo vinne vya blubendi, pampu ikisukuma. Vikopo vimejaa sawasawa. Ningefurahi kukuta kimoja kimepungua.

Jumapili, 26 Machi

Anande tena, na mwavuli uliovunjika mbavu. Safari hii alikaa, akanywa chai.

"Kila nikirudi kutoka huku swali la kwanza ni moja," alisema. "Kabla sijavua viatu. 'Kasemaje?'"

"Nimesemaje kuhusu nini?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema wewe mwambie tu namsalimu."

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia, Kaka anasema injini bado. Anatikisa kichwa, anageukia ukutani."

Iliniuma, lakini iliniudhi zaidi. Nilimwona akilini mwangu, amegeukia ukuta, anafurahia kwamba injini bado. Nilimjua baba yangu kama mtu wa kufurahia jambo la namna hiyo. Nikamwambia Anande amjibu vilevile.

Jumamosi, 1 Aprili

Lesikar amerudi. Ameingia, amevaa ovaroli yake, ameuliza, "Tulifika wapi?" Nilitaka kumwomba radhi, akaniwahi.

"Ero, rafiki yangu, wacha. Mke wangu kanifukuza nyumbani, anasema nimenuna siku nyingi kuliko mvua."

Tumekula makande pamoja. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumatano, 5 Aprili

Pampu tumeifungua. Nzima. Sumaku zote mbili zinazopeleka moto kwenye plagi tumezipima. Nzima. Bomba la petroli linalopita karibu na ekzosi tumelifunika kwa asibesto, pengine joto linachemsha mafuta humo. Tumewasha. Imekohoa.

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua.

Jumapili, 9 Aprili

Leo nilikaa ndani ya ndege, kwenye kiti cha abiria, bila kuwasha kitu. Kiti hicho nilikipimia mwili wa Elinaike. Yeye ndiye aliyeshona vitambaa vya ndani, kwa cherehani yake. Siku alipougua aliniambia ni kichwa tu, nenda kazini. Nilikwenda. Mtu akiniuliza nilichomkasirikia baba, si kwamba alinisingizia. Ningekuwa nimesingiziwa ningeshasahau.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Anande alikuja baada ya ibada, amelowa hadi magotini. Hakuketi.

"Jana baba alimwita Baba Mdogo Solomoni, wakafungiana wawili. Sijui waliongea nini. Baba Mdogo alitoka anafuta macho. Kaka, mimi nimechoka kuwa tarishi. Njoo."

"Nipe wiki mbili."

"Wewe unadhani nani anazo wiki za kugawa?"

Lesikar alikuwa amesikia yote. Anande alipoondoka akaniambia ana pikapu ya shemeji yake nje, ina mafuta, Usa River si Ulaya. Nilimwambia aninyooshee waya wa kuongezea mafuta badala ya kunihubiria. Akaunyoosha.

Najua anavyoniona. Lakini nikienda leo nitakwenda na nini? Nikae kitandani kwake nimwambie nimeshindwa, ulisema kweli, mke wangu amekufa kwa ajili ya chombo kisichoruka? Ikiruka, angalau Elinaike atakuwa ameachwa peke yake kwa ajili ya kitu.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Tumewasha. Nusu ya nguvu, kikohozi, moshi mweusi. Kristo amefufuka.

Jumapili, 23 Aprili

Anande hakuja. Amemtuma kondakta wa Hiace na maneno: baba ameacha kuuliza.

Jumamosi, 29 Aprili. Usa River

Naandika nikiwa kwa baba.

Jana niliamua kimebaki kitu kimoja, kile chombo chini ya injini kinachopima hewa inayoingia na kuamua petroli kiasi gani iende. Sikuwa nimekigusa kwa sababu kina lakiri ya kiwandani, nami sina mitambo ya kukipima. Nilipanga kukitoa nikipeleke Nairobi. Leo asubuhi nikalala chali chini ya ndege, Lesikar akamulika tochi, nikafungua boliti za bomba linaloleta hewa kutoka puani mwa ndege. Bomba likaachia. Ndani, palepale kwenye koo la kile chombo, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kimekwama. Nikadhani ni kiota cha panya. Nikakivuta kwa koleo kikatoka kizima.

Lilikuwa jani refu, limekauka, ncha zimechanika kwa upepo wa injini. Lilikuwa limefungwa fundo.

Mchaga hahitaji kuelezwa. Lesikar, Mwarusha, aliuliza, "Nyasi gani hii?" Lilikuwa isale. Kwetu mtu akikukosea vibaya, akakuletea isale lenye fundo, amekuangukia miguuni. Hulikatai. Hata aliyemuua ndugu yako, akija na isale unakaa naye chini. Mdogo humpelekea mkubwa, jirani humpelekea jirani. Baba mzazi kumpelekea mwanawe, sijawahi kusikia tangu nizaliwe.

Simaloi, mama anayeuza maziwa hapa getini, ndiye huachiwa ufunguo mimi na Lesikar tukiwa hatupo. Nilimkimbilia na jani mkononi.

"Shikamoo Yeyo. Mimi nilipokuwa Dar, nani aliingia bandani?"

Aliliangalia jani, akauangalia na uso wangu.

"Marahaba. Mzee mmoja, mwenye kofia ya sufi na fimbo. Alisema ni baba yako, nami nikamwona mnafanana, nikamfungulia. Aliizunguka hiyo ndege yako, anaishika taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaniuliza, mlango wake uko wapi? Nikamwambia mimi sijui, naona tu ina mdomo hapo mbele, chini ya feni. Akasema basi hapohapo, kitu cha heshima huwekwa mlangoni. Akasukuma mkono ndani kabisa, upepo usilichukue."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukirudi utaliona mwenyewe, maana nilimwambia hapo ndipo ninapokuona unashika kwanza kila siku."

Na kweli ndipo ninaposhika kwanza. Ila siku ile nilifika na haraka ya plagi, nikalirudisha chujio bila kuchungulia nyuma yake, nikawasha. Injini ikalivuta. Petroli ni nyingi kuliko hewa, niliandika mwenyewe, na msimu mzima nikasaka petroli tu. Hewa haiuzwi wala haichanganywi na mafuta ya taa, nani angeishuku? Nimemtukana Lesikar, nimemwaga pipa, nimepima vikopo, na muda wote huo baba yangu alikuwa mle ndani ananiomba msamaha.

Kila mara alipouliza "kasemaje", alikuwa anauliza jibu la isale. Na jibu alilopata kila mara ni kwamba injini bado.

Lesikar alinipeleka Usa River kwa ile pikapu ya shemeji yake. Kwenye matope ya Tengeru tulikwama nyuma ya lori la ndizi nikashuka nikasukuma, sijui nilikuwa namsukuma nani. Tulifika kama saa nane. Anande alikuwa mlangoni, akaweka kidole mdomoni.

"Amelala sasa hivi. Usiku kucha hakufumba jicho. Mwache apumzike kidogo, Kaka, akiamka atakukuta."

Nikakubali. Naandika hili hapa ili nisije nikamlaumu Anande, maana mimi ndiye nilikubali. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, jani mapajani. Amekuwa mdogo, mashavu yameingia. Pumzi yake ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda tena. Nilipanga maneno. Nilipanga nitamwambia kwanza sikuliona, Baba, sikulikataa, nimeliona leo. Niliyapanga mara nyingi hadi yakawa laini. Jioni, kuku walipoanza kuingia bandani mwao, pumzi yake ilisimama, nikangoja iendelee.

Anande ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa bado nangoja.

Jumapili, 30 Aprili

Watu wanaanza kufika. Mvua imekatika.

Jumatano, 3 Mei

Tumemzika leo, kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Kabla ya jeneza kushushwa Baba Mdogo Solomoni aliomba kusema neno. Nilijua ni langu. Maneno niliyoyatamka kwenye mazishi ya Elinaike yanakumbukwa na kila mtu, na tangu asubuhi niliona wanavyoniangalia mikono. Baba Mdogo alisema hivi:

"Ijumaa Kuu ilipokuwa inakaribia, kaka yangu aliniita. Aliniambia, 'Nilimkosea Abdiel siku ya msiba wake. Nimempelekea isale. Hakulijibu. Mwanangu ana haki ya kulikataa, maana nililosema ni baya. Siku nikifa asilazimishwe kushika udongo, na mtu yeyote asimseme.' Hayo ndiyo aliyoniachia."

Nikatoa lile jani mfukoni nikaeleza, mbele ya watu wote, lilikokuwa. Nilieleza injini, chujio, bomba, koo. Nilikuwa nawaeleza watu wa msibani habari za bomba la hewa, na nilijisikia nikiongea kama mtu aliyechanganyikiwa. Bibi mmoja wa ukoo akauliza, "Kwa hiyo hukulikataa?" Nikasema, "Sikulikataa." Akaanza kulia kwa sauti, na wanawake wengine wakampokea.

Nilichota udongo kwa mikono yote miwili. Fundo nilijaribu kulifungua kwanza, lakini jani lilikuwa kavu mno likavunjika, basi nikalitia kaburini hivyohivyo.

Hakuna aliyenisema. Waliniacha kama baba alivyoagiza, na ningependa kupigwa.

Ijumaa, 12 Mei

Nimerudi Kisongo. Sijafungua banda.

Jumamosi, 20 Mei

Lesikar amefunga bomba la hewa mwenyewe. Hakuniuliza. Nilimkuta anaimba, akanyamaza aliponiona.

Nilikuwa namwona baba kama jiwe. Mtu anayegeukia ukuta asimwone mwanawe. Sasa namwona amepanda magari mawili na moyo unaofeli, jani ndani ya koti, akija kwenye kile chombo alichokichukia kuliko vyote, na kukishika taratibu. Simaloi anasema kabla ya kutoka alirudi tena nyuma akachungulia ndani, akauliza viti viwili vya nini. Simaloi akamwambia hajui. Akasema, "Kimoja cha mkewe." Akakaa kidogo juu ya ndoo, ndipo akaondoka.

Ijumaa, 2 Juni

Mbingu nyeupe, Meru iko wazi hadi kileleni, masika yamekwisha.

Mkaguzi alikuja saa nne. Kijana mpole, viatu vyake vilikuwa safi. Tukaisukuma ndege nje kwenye majani. Lesikar akawasha. Nikamwonyesha kwa kidole aongeze. Robo, nusu, robo tatu, nguvu zote. Haikukohoa. Ilivuma mvumo mmoja uliotulia, nyasi zikalala nyuma yake, na mkaguzi akaweka mkono juu ya bawa akatabasamu. Wapita njia walisimama barabarani, leo hakuna aliyecheka. Simaloi aliacha maziwa yake akaja kupiga vigelegele.

Mkaguzi alisaini, akanipa mkono. Lesikar alikuwa bado kitini, macho yanang'aa, akaniita kwa sauti ya kuushinda mngurumo:

"Fundi! Sasa imetulia! Twende wapi?"

Nilimwambia azime.